Mwalimu Mpya wa Endagikot: Mshahara Wake, Fimbo Yake na Likizo ya Disemba

 

Imetufikia barua ndefu ya kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye ameomba tusimtaje jina wala tusiitaje skuli anayosomesha, nasi tumemkubalia. Tutasema tu kwamba ni mzaliwa wa mwambao wa Tanga, kwamba amepangiwa kazi Endagikot, katika Halmashauri ya Mji wa Mbulu, mkoani Manyara, na kwamba huu ni mwezi wake wa tisa kazini. Anasomesha Kiswahili na Jiografia.

Maswali yake ni matatu. La kwanza, anaona kwamba katika miezi yote hii hajasomesha kitu. Anaingia darasani, anazungumza, anaandika ubaoni, anatoka, na mtihani wa nusu muhula wa Jiografia darasa zima likaanguka ila wanafunzi wanne. Anauliza: mshahara anaoula ni halali? La pili, amekusudia kwenda kwao likizo ya Disemba na asirudi, wala asimuage mtu. Rafiki yake amemwambia kwamba asijali, mshahara utaendelea kuingia miezi miwili mitatu kabla hawajagundua, na hiyo iwe nauli yake ya kuanzia maisha. La tatu aliliandika mwishoni kabisa, kwa mistari minne tu: kuna mvulana wa kidato cha kwanza aliyeulizwa swali akanyamaza, akaulizwa tena akaendelea kunyamaza huku akitazama dirishani, mwalimu akaona ni kiburi, akamchapa bakora sita mbele ya wenzake. Siku ya pili yule mvulana hakuja. Mpaka barua inaandikwa zimetimia wiki tatu hajaonekana.

Tumeisoma barua hii zaidi ya mara moja, na tumeamua kuijibu hapa hadharani badala ya kumjibu peke yake, kwa sababu si yeye wa kwanza. Kila mwaka tunapata masuala ya namna hii kutoka kwa vijana waliopangiwa Kibondo, Simanjiro, Tunduru na kwengineko. Na kwa sababu nyengine pia, ambayo tutaieleza mbele.

Tuanze na hali yenyewe ya mwalimu wa mwaka wa kwanza, kwani hukumu ya jambo hufuata kulielewa kwake.

Kijana anapomaliza chuo anakuwa ameshakwenda mazoezi ya kufundisha, na anadhani ameijua kazi. Hajaijua. Mazoezini alikuwa mgeni wa wiki chache, ana darasa moja au mawili, mwenye darasa yupo ofisini, na msimamizi kutoka chuoni anakuja kukaa nyuma na fomu yake. Kazini hakuna mwenye darasa mwengine. Anakabidhiwa vipindi, mara nyingi zaidi ya alivyotarajia na pengine somo ambalo hakulisomea, anatakiwa azimio la kazi la mwaka, andalio la kila somo, daftari la mahudhurio, zamu ya wiki nzima ya kuwahi kabla ya jua kupanda na kusimamia usafi na paredi. Kisha madaftari. Serikali inasema darasa lisizidi wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja katika msingi. Lakini tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na wale wa mwaka ule wameshapanda mpaka sekondari. Mwenye mikondo mitatu ya wanafunzi sitini, akitoa zoezi moja tu ana madaftari 180 ya kusahihisha. Akitumia dakika mbili kwa kila daftari, ni saa sita. Hizo saa sita hazimo kwenye ratiba yoyote. Ni usiku wake, kwa taa yake.

Na Mbulu ni baridi. Tulipita huko mara moja, miaka ya nyuma, tukitokea Babati, na gari likipanda ukingo wa Bonde la Ufa tulianza kufunga vifungo vya kanzu kimoja kimoja. Mtu wa mwambao hana nguo za baridi ile wala hajui kuzitafuta. Hili linaonekana dogo, lakini kijana anayelala akitetemeka huamka na ghadhabu, na ghadhabu hiyo huingia nayo darasani.

Fedha nazo zina habari yake. Mwajiriwa mpya husubiri taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo na apate cheki namba ndipo mshahara uanze kutoka, na katika kusubiri huko anakula kwa mkopo dukani. Ukija mshahara, anaona karatasi haifanani na hesabu aliyokuwa nayo kichwani. Katika kila shilingi 100,000 za mshahara wa msingi, aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi hukatwa 15,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF 5,000. Bima ya afya 3,000. Na ada ya chama cha walimu 2,000. Ni robo nzima kabla ya kodi ya mapato kuguswa. Mwandishi wetu anakiri kwamba mwezi wa pili alikopa kwa wale wanaoitwa kausha damu, na kadi yake ya benki mpaka leo iko kwa mkopeshaji. Tutalirejea hili kwa maneno machache.

Lakini kubwa katika yote, kwa tunavyoona, ni lugha. Na hapa tunamuomba ndugu yetu atusikilize vizuri, kwa sababu jibu la suala lake la tatu limo humu, na yeye mwenyewe ametuandikia bila ya kujua.

Wenyeji wengi wa Mbulu ni Wairaqw. Kiiraqw si lugha ya Kibantu kama Kisambaa au Kizigua ambacho mtu wa Tanga anaweza kukisikia nusu akakisia nusu. Ni lugha ya jamii ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Na jirani zao upande wa Hanang, Wabarabaig, wana lugha nyengine kabisa, ya Kiniloti. Mtoto wa kijijini Mbulu anakua na Kiiraqw nyumbani na malishoni, anakutana na Kiswahili sawasawa anapoanza darasa la kwanza, anasoma kwa Kiswahili miaka saba, na pale tu kinapoanza kumkaa mdomoni anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa kwamba sasa karibu kila somo ni Kiingereza. Jiografia anayoiona nje ya dirisha, ukingo wa Bonde la Ufa uliosimama pale tangu hajazaliwa, anatakiwa aielezee kwa lugha ya tatu, ambayo ana miezi michache tu ya kusomeshwa kwayo.

Ndugu yetu ameandika kwamba mvulana yule "hana shida kwenye Kiswahili, hata insha yake ni nzuri, ila kwenye Jiografia anajifanya bubu." Basi jibu lako si hili? Mwenye kiburi huwa na kiburi vipindi vyote viwili, kwani mwalimu ni yule yule. Anayesema kwenye kipindi kimoja akanyamaza kwenye chengine, hakumdharau mwalimu. Amekosa maneno. Na kutazama dirishani ni kutafuta pa kuyaficha macho.

Tuongeze jambo ambalo huenda likamfurahisha. Katika Kiiraqw mna sauti ya 'ain na sauti ya haa nzito, na qaaf itokayo kooni, zile zile ambazo sisi chuoni tunahangaika nazo na watoto wa Unguja na Pemba miaka miwili mitatu mpaka zitoke, na wengine haziwatoki mpaka wanaoa. Mtoto wa Kiiraqw anazitamka tangu ananyonya. Tulipokuwa huko tulimsikia kijana mmoja aliyesilimu akisoma, na imamu wa msikiti, mtu wa Pwani, akatunong'oneza kwamba makhraj yake yanamtia haya. Tunalisema hili kwa sababu mwandishi wetu ameandika mara mbili kwamba watoto wa huko "hawana lugha."

Sasa tueleze ile sababu nyengine tuliyoahidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sisi wenyewe tulikuwa walimu wa mwaka wa kwanza, katika skuli moja ya Kusini Unguja. Tulitoka mjini, tumekulia Mji Mkongwe, na Kiswahili cha mjini tukikiona ndicho Kiswahili. Watoto wa kule kwao husema Kimakunduchi, ambacho wenyewe hukiita Kikae, na mgeni akikisikia kwa haraka hushika neno moja katika matatu. Tukawa tumepewa darasa la tano. Siku moja mtoto wa kike alisimama kujibu, akajibu kwa lugha ya mama yake. Jibu lilikuwa sahihi, tulilielewa baadaye. Pale pale sisi tuliliiga kwa sauti ya kuchezea, darasa likacheka, naye akakaa. Hatukumpiga. Mwaka ule wote hakufungua tena mdomo katika kipindi chetu. Wiki kadhaa baadaye mama yake alikuja skuli akitokea pwani, nguo zimerowa mpaka magotini kwa kazi ya mwani, akasimama mlangoni akauliza kwa adabu kabisa, "Maalim, mwanangu kakukosea nini?" Hatukuwa na la kumwambia. Tulisema, hakukosa kitu, bi mkubwa, ni mtoto mzuri. Akashukuru akarudi pwani. Hatukumwambia kilichotokea, na hilo la kutomwambia ndilo linalotusumbua mpaka leo kuliko lile la kwanza.

Kwa hiyo tunapomwambia ndugu yetu maneno ya mbele, asidhani tunamwambia kutoka juu ya mimbari.

Suala la mshahara. Wanazuoni wa fiqhi wameigawa ijara ya mtu katika aina mbili. Kuna anayekodiwa kwa kazi maalumu, kama fundi wa kushona au seremala. Huyu hulipwa kwa kitu alichokikamilisha, na asipokikamilisha hana kitu. Na kuna anayekodiwa kwa muda wake, awe chini ya mwajiri mmoja kwa saa zilizokubaliwa. Huyu anastahiki ujira wake kwa kujikabidhi kazini kwa muda ule na kufanya alichoagizwa kwa uwezo wake. Mwalimu wa serikali ni wa aina hii ya pili. Hakuajiriwa kwa sharti kwamba wanafunzi wafaulu. Kufaulu hakumo mkononi mwake peke yake. Ameajiriwa ahudhurie, aandae, asomeshe, asahihishe. Ikiwa ndugu yetu amekuwa akifanya haya, na barua yake inaonesha kwamba amefanya mpaka akachoka, basi mshahara wake ni halali, na wasiwasi huu autupe. Wanafunzi wanne kufaulu kati ya sitini ni jambo la kulitafutia njia. Halimharamishii ujira wake.

Ambaye hesabu yake ni ngumu ni yule anayesaini kitabu cha mahudhurio asubuhi kisha akaondoka kuendesha bodaboda yake, au anayekaa ofisini na simu kipindi kizima huku monita akiandika notisi ubaoni. Huyo amekula saa alizoziuza. Tunajua wapo, na baadhi yao hutuuliza masuala mengine kabisa ya usafi na udhu, na hili hawaliulizi.

Kuhusu mkopo wa kausha damu tutasema kwa ufupi, maana tumeshaandika mara nyingi. Nyongeza ile ni riba, atubie, asikope tena kulipa mkopo wa kwanza, na afanye kila njia aimalize haraka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Amwombe aione, na tunatabiri kwamba mazungumzo yatabadilika hapo hapo. Njia iliyo karibu naye ni walimu wenzake. Katika skuli nyingi walimu wana upatu, mtu akichukua zamu yake ya mwanzo anapata fungu la kulipia deni lote kwa mkupuo, na hakuna ziada inayotozwa. Atakiwalo ni kumwambia mmoja wao ukweli. Hili vijana hawalipendi, wanaona aibu. Lakini waulizwe wale walimu wa zamani hapo ofisini: karibu kila mmoja alipitia mwaka kama huu.

Suala la kuacha kazi. Kuacha kazi si haramu. Mtu akiona ualimu haumfai, au hali yake haiwezi, anaruhusiwa kuondoka, wala hatutamwekea dhambi ambayo Allaah hakumwekea. Lakini kuna kuondoka na kuna kutoroka. Mkataba aliousaini ni ahadi, na ahadi ina namna yake ya kufunguliwa: anaandika barua kwa mwajiri wake kupitia kwa mkuu wa skuli, anafuata muda wa taarifa, anakabidhi vitabu vya serikali na rekodi za wanafunzi, anakwenda kwa salama. Mtumishi wa umma akikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ya ruhusa ameshaingia katika kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa, na aliyefukuzwa hurudi kwa taabu sana katika utumishi. Kijana wa miaka ishirini na kitu asijifungie mlango huo kwa sababu ya Disemba moja.

Na ile rai ya rafiki yake, kwamba aondoke na mshahara uendelee kuingia, ni haramu isiyo na shaka. Ule muda hakujikabidhi kazini, basi ujira wake si wake. Kila shilingi itakayoingia ni mali ya umma iliyo mkononi mwake kwa dhulma, na itabaki deni mpaka airudishe. Mwaka 2016 serikali ilipowahesabu watumishi hewa walipatikana zaidi ya 10,000. Watu waliwafikiria wote hao kuwa ni majina ya kubuni tu. Baadhi ya hewa huanza hivi hivi, na mtu wa kweli aliyekwenda likizo.

Ikiwa anatuuliza rai yetu, mbali na hukumu, tunamshauri asiondoke mwaka huu. Yuko ndani ya muda wa majaribio wa miezi kumi na miwili, amebakisha mitatu kuthibitishwa. Akishathibitishwa anaweza kuomba uhamisho kwa utaratibu, na akipenda kuacha ataacha akiwa na jina safi. Pia, na hili ni la uzoefu tu, mwaka wa kwanza ni mizani mbaya ya kupimia kazi hii. Andalio aliloliandika mwaka huu kwa saa mbili, mwakani atalifungua tena na kulirekebisha kwa dakika ishirini. Majina atakuwa ameyajua. Atajua mwezi gani madarasa yanapungua kwa sababu ya kilimo au mavuno ya vitunguu saumu, na hatapanga mtihani wiki hiyo. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, kabla ya watu kumjua kwa tafsiri yake ya Qur'ani na kwa ukadhi, alikuwa mwalimu wa skuli Zanzibar tangu miaka ya 1930. Nyerere naye alianzia darasani, Tabora kisha Pugu. Hatusemi ndugu yetu atakuwa kama hao. Tunasema tu kwamba hatuwadhanii kuwa mwaka wao wa kwanza haukuwa na siku za kutamani kukimbia.

Halafu nchi hii imeshawaingiza watu katika kazi hii kwa maandalizi madogo kuliko aliyopata yeye. Zilipofunguliwa sekondari za kata kwa wingi, kwenye miaka ya 2005 na 2006, waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi mno wakapelekwa kusomesha, na wananchi wakawaita Vodafasta, kwa jina la ile huduma ya kuongezea salio. Jina lilikuwa la kejeli. Wapo miongoni mwao ambao leo ni wakuu wa skuli, na mmoja tunayemjua ni katika walimu bora wa hesabu tuliowahi kuwaona.

Sasa yule mvulana. Tumeliweka mwisho kama alivyoliweka yeye, ingawa kwetu ndilo la mwanzo.

Kwanza upande wa sheria ya nchi. Kanuni za adhabu ya viboko, zilizotungwa mwaka 1979 chini ya Sheria ya Elimu na kurekebishwa 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa skuli au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa, na viandikwe katika daftari maalumu. Bakora sita za papo hapo darasani, za mwalimu asiye na idhini, kwa kosa la kunyamaza, zimevunja kila sharti katika haya. Mwaka 2016 walimu wa mazoezi walionaswa kwenye video wakimpiga mwanafunzi huko Mbeya walifukuzwa vyuoni kabla hawajaajiriwa. Mwaka 2018 huko Bukoba mwanafunzi wa darasa la tano alipigwa na mwalimu akafariki, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Hatudhani yule mwalimu aliingia skuli asubuhi ile akikusudia kuua. Ndivyo ghadhabu ilivyo.

Upande wa fiqhi, wenzetu wengi hudhani kwamba dini imempa mwalimu fimbo bila ya mpaka. Sivyo. Katika madhehebu ya Imam Shaafi'iy, ambayo ndiyo ya mwambao wetu, mwalimu humwadibisha mtoto kwa idhini ya walii wake, na adabu hiyo imefungamana na salama: ikileta madhara, mwalimu ni mdhamini. Wanazuoni wa Qayrawan, akiwemo Ibn Sahnun katika karne ya 3 ya Hijria, waliandika juu ya adabu za waalimu wakaweka kikomo cha idadi ya fimbo. Ibn Khaldun baada yao akaweka mlango mzima katika Muqaddima yake akieleza kwamba ukali unamharibu mwanafunzi, humfundisha uongo na kujificha.

Na mafunzo ya Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) yapo katika kisa cha Mu'awiya bin al-Hakam as-Sulamiy, kilichomo katika Sahihi ya Muslim. Alikuwa mgeni katika dini, akasema ndani ya swala kwa kutojua. Watu wakamkodolea macho na kujipiga mapaja kumnyamazisha. Swala ilipokwisha, Mtume alimweleza kwa utulivu kwamba swala haisemwi ndani yake maneno ya watu, na Mu'awiya akasimulia baadaye kwamba hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana. Tazama tofauti: kosa lilikuwa la kutojua, na Mtume alilitibu kama kutojua. Waliokuwa pembeni waliliona ni utovu wa adabu. Ndugu yetu siku ile alisimama upande wa waliokuwa pembeni.

Basi amedhulumu, na tunamwambia hivyo waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe ameuliza. Dhulma ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake. Inamlazimu amwendee mwenye haki amtake radhi, na hapa wenye haki ni wawili, mvulana na mzazi wake.

Atafanyaje? Asiende peke yake, na asitume mwanafunzi na barua. Kwanza amweleze mkuu wa skuli kilichotokea, chote, na idadi ya bakora. Anaogopa, na huenda akapewa onyo la maandishi. Alipokee. Onyo linalotokana na yeye kusema ni jepesi kuliko lile litakalotokana na mzazi kwenda kwa afisa elimu kata. Kisha amwombe mwalimu mwenyeji anayesema Kiiraqw afuatane naye, waende Jumamosi mchana, wakati mzee amerudi na ng'ombe au yuko karibu na nyumba, na wapitie kwa mjumbe wa eneo kwanza. Akifika, asianze na masomo wala utoro wa mtoto. Mambo hayo yakitangulia, mzazi atadhani amekuja kushtaki, na mtoto atapigwa mara ya pili. Aseme kilichomleta: nilimpiga mwanao bila ya haki, nilidhani ananidharau, nimejua kwamba nilikosea, nimekuja kumtaka radhi yeye na wewe. Aseme kwa Kiswahili chepesi, mwenzake afasiri, na mvulana awepo asikie.

Huenda mzee akanyamaza kwa muda mrefu. Ndugu yetu asiharakishe kuujaza ukimya ule kwa maneno, na asiufasiri vibaya. Wakipewa maziwa, anywe. Kama mvulana ameshapelekwa kuchunga kwa jamaa upande wa Haydom au Hanang, kama inavyotokea kwa watoto walioacha skuli, aulize yuko wapi na amwombe mzazi amwite, na nauli ya kumrudisha aitoe yeye mwenyewe. Hiyo si sadaka. Ni sehemu ya kile alichokiharibu.

Akirudi darasani, asimuulize swali mbele ya wenzake kwa wiki za mwanzo. Ampe aandike. Na kabla ya kuwataka waeleze Bonde la Ufa kwa Kiingereza, awaache kwanza dakika tano walielezane kwa lugha yoyote wanayoitaka, kisha waulizane maneno ya Kiingereza yanayowakosa, nao wayaandike pembeni mwa daftari. Kanuni ya lugha ya kufundishia haimzuii mwalimu kuhakikisha kwamba mwanafunzi ameelewa.

Shule zinafungwa mwanzoni mwa Disemba. Zimebaki Jumamosi mbili.

Wallaahu a'lam.